Chumvi Niliyompa Mama Yako

Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, jua linazama

Minza, mwana wa dada yangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo kwa Mama Kulwa unavyoaga na kucheka, na ukuta wetu na wao ni mmoja. Mimi ni mzima kama ujuavyo, ila mguu wa kulia unaniuma, na sababu yake utaikuta huko mbele. Nimekaa kwenye benchi la jikoni. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la kidato cha nne, zile kurasa za mwisho ambazo hukuandika kitu. Nisamehe kwa hilo. Ndilo dogo kuliko yote nitakayokuomba leo.

Mambo ya safari sitayagusa. Hela uifiche wapi, ukifika Dar umpigie nani, basi la Mtwara ulipande na nani, hayo mama yako anakwambia tangu Ijumaa kwa ule ulimi wake wa taratibu, na akisahau moja anaanza upya. Mimi nina jambo moja tu. Lakini unanijua, siwezi kufika popote bila kupita Rwamgasa, kule machimboni.

Rwamgasa sikuwa mtu wa kuulizwa jina. Ukishuka kwenye gari ukasema unamtafuta Shija, hata mbwa walikuonyesha njia. Nilitoa jiwe la dhahabu lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi, nikaenda kuliuza Katoro, nikanunua pikipiki tatu kwa siku moja, na mbili zikaibiwa kabla sijajua kuzipiga kiki. Magogo ya shimo yalipovunjika nilikaa chini ya ardhi siku nne, nikala mkanda wangu wa ngozi, na nilipotolewa nikauliza kwanza matokeo ya mpira. Umeyasikia haya tangu una meno ya utoto. Ulikuwa unanisahihisha: "Mjomba, jana mkanda ulikuwa wa yule mtu wa Kigoma, leo umekuwa wako."

Sasa sikia. Lile jiwe lilikuwa kama punje ya harage. Pikipiki ilikuwa moja, tena tulishirikiana watu wawili. Chini nilikaa tangu asubuhi hadi saa tisa mchana, na mkanda ndio huu niliouvaa. Nimejivua sifa hizi mapema ili ukifika kwenye hadithi ya chumvi usitafute pa kucheka. Hiyo naiandika kama ilivyokuwa.

Duara letu, yaani lile shimo tulilochimba, lilikuwa refu, na huko chini joto lilikuwa la kuoka mkate. Unashuka umevaa fulana kavu, baada ya muda mfupi unaikamua kama umetoka kufua. Siku moja huyo jamaa wa Kigoma akaanguka kule chini. Miguu ilikuwa imekaza kama miti, macho yamegeuka. Tukamfunga kamba, wenzetu wakamvuta kwa winchi mpaka juu. Wengine wakaanza kusali, mmoja akasema amechezewa na mwenye duara la jirani. Mimi nikachukua chupa ya maji, nikatia chumvi na sukari kidogo, nikamnywesha kwa kifuniko. Kifuniko, kifuniko, kifuniko. Jua halijasogea sana akakaa, akauliza nani amekula ugali wake.

Kuanzia siku hiyo wakaniita Dokta. Hapo siongezi neno, watu walikuwepo. Nikawa natembea na chumvi kwenye kopo la mafuta ya mgando, na yeyote aliyesema kichwa kinazunguka nilimlambisha. Na walipona, Minza. Nataka ulishike hilo, kwamba walipona kweli. Kosa langu halikuanza na uongo. Lilianza na jambo la kweli nililolihamisha kutoka mahali pake.

Miaka sita iliyopita nilikuja hapa Ngokolo kumsalimia dada, nikitokea Katoro na kofia yangu ya ukili na miwani ya jua. Wewe ulikuwa kidato cha kwanza. Mama yako alikuwa ameanza dawa za presha muda si mrefu, na alikuwa bado anauza dagaa pale sokoni, amekaa kwenye stuli yake tangu asubuhi. Jioni moja akashika kichwa.

"Shija, dunia inazunguka."

"Umekula, dada?"

"Nimekula."

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Basi ndizo hizo. Zimekushusha kupita kiasi. Hiyo ni presha ya kushuka."

"Wewe umejuaje bila kunipima?"

"Mimi? Rwamgasa nilikuwa naitwa nani?"

Akacheka. Unamjua mama yako, alikuwa ananiamini hata pale alipojua nadanganya, kwa sababu alinibeba mgongoni mimi na yeye tukiwa watoto wote wawili. Nikamwambia dawa azipumzishe kwanza. Nikamchanganyia kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, na ndimu. Asubuhi na jioni. Siku mbili za mwanzo akasema anasikia nafuu, nami nikatembea mtaani kwetu kama mtu aliyejenga hospitali. Juu ya hiyo chumvi kulikuwa na dagaa wake, na mlenda uliopikwa kwa magadi, ambayo siku hizi najua kuwa ni ndugu wa chumvi aliyebadili jina.

Wiki ya tatu pakiti ikaisha. Hiyo asubuhi unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuwa umevaa sare, umechelewa, mama akakutuma dukani kwa chumvi. Ukasimama mlangoni ukasema, "Chumvi juzi, chumvi leo. Mama, umekuwa ng'ombe wa kulambishwa?" Mama akanyanyua mwiko, wewe ukakimbia shule unalia. Mimi nilikuwa hapahapa kwenye benchi hili, nakunywa chai, nacheka.

Kuanzia hapo hukuwepo, kwa hiyo hujui. Mimi ndiye niliyekwenda dukani. Nilinunua pakiti, nikarudi nikamchanganyia kikombe, akanywa chote kwa sababu alikuwa bado ana hasira na hakutaka maneno mengi. Akakaa. Baadaye nikasikia kikombe kimeanguka. Nilipogeuka, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande mmoja, na mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

Majirani wakaja, tukatafuta gari. Wakati wanamnyanyua, Mama Kulwa akauliza imekuwaje. Mtu mmoja akajibu, "Asubuhi alikuwa anagombana na mtoto, tumesikia sote." Mama Kulwa akapiga kofi moja la masikitiko, akasema, "Basi mtoto kampandisha mama yake presha." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo watu wetu wanavyosema siku zote, mtoto akirudi na matokeo mabaya, mama anashika kifua, utampandisha mama yako presha. Mimi nilikuwa nimesimama pale, Minza, kikombe nimekiokota nimekishika mkononi. Sikusema kitu. Walipotoka na mgonjwa, kabla sijawafuata, nilikwenda kwenye ndoo nikakisuuza.

Uliporudi shule ukakuta nyumba imefungwa na watu wakakuambia yale ya Mama Kulwa.

Kwa miaka mitatu ya kwanza naweza kujitetea kidogo. Nilikuwa mjinga. Nilihisi kitu, lakini mtu anaweza kuhisi na bado akalala. Nilihamia hapa, nikafungua kile kibanda cha vocha na soda, nikajifunza kumgeuza mgonjwa na kumsuka nywele. Nilisema nimekuja kwa sababu baba yako alifuata dhahabu Chunya akasahau njia ya kurudi, na nyumba inahitaji mwanaume. Watu wakanisifu. Mimi sifa huwa sizikatai, unajua.

Halafu ikafika zamu yangu. Nilikwenda kituo cha afya kwa jino, wakanivalisha mpira mkononi, yule mpimaji akapima mara mbili, akaniangalia kama mtu aliyestahili kuwa amelala chini palepale. Nikapelekwa kliniki ya presha kwa Tabibu Neema. Huyu ni binti mdogo, pengine kakuzidi miaka sita, ana sauti ya kubembeleza mtoto na maswali ya polisi.

"Mzee Shija, chumvi unakula kiasi gani?"

"Chumvi naijua kuliko wewe, binti yangu. Nimefufua watu kwa chumvi."

"Uliwafufulia wapi?"

"Shimoni, Rwamgasa."

"Walikuwa wanatoka jasho?"

"Jasho? Ungekamua fulana ungeoga."

"Na sasa hivi unafanya kazi gani?"

"Nauza vocha na soda."

"Umekaa?"

"Nimekaa, kivulini."

"Basi niambie, Mzee wangu. Chumvi ya mtu aliyekaa kivulini inatokea wapi?"

Akachukua boksi tupu la dawa, akalichana, akanichorea upande wa ndani. Lile boksi ninalo. Naomba nikueleze alichonieleza, kwa sababu kinakuhusu mara mbili, na kwa sababu mtu aliyeishia darasa la sita akilielewa jambo huwa analielewa mpaka kwenye mfupa.

Alisema figo si chujio kama la chai. Figo inamwaga kwanza, kisha inarudi kuokota. Damu ikipita pale, maji na chumvi vinamwagwa kwenye vijibomba vyembamba kuliko unywele, na kuta za vijibomba hivyo ni seli zilizopangwa kama matofali. Kila seli ina vilango, na kazi ya vilango ni kurudisha kwenye damu kile ambacho mwili bado unakitaka. Nikamwambia hiyo ni kazi ya marudio. Ule mchanga uliokwisha kuoshwa tunauosha tena, dhahabu iliyoponyoka irudi. Akasema, sawasawa, ila hapa kinachookotwa ni chumvi.

Juu ya figo zimekaa tezi mbili zinazotuma homoni, nayo ni kama msimamizi wa mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu. Mtu akiishiwa chumvi, msimamizi anapiga kelele: fungueni, rudisheni. Yule jamaa wa Kigoma jasho lilikuwa limemmaliza, msimamizi wake alikuwa anapiga kelele, na chumvi niliyompa ilipata kazi. Mtu akiwa nayo ya kutosha, msimamizi ananyamaza, vilango vingi vinafungwa, chumvi iliyozidi inatoka na mkojo. Watu wengi ndivyo walivyo. Wanaweza kula chumvi leo wakalala salama. Lakini wapo ambao vilango vyao havisikii vizuri. Msimamizi amenyamaza, wao bado wanaokota tu. Nikauliza kwa nini. Akasema sababu si moja, wataalamu wenyewe bado wanachimba, ila mara nyingi inatembea ndani ya ukoo.

Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo. Hilo halikunishangaza. Acha pakiti ya chumvi wazi wakati wa masika uone itakavyolowa yenyewe. Damu inajaa kwenye mabomba, na bomba lililojaa linasukuma. Nikadhani tumemaliza, nikanyanyua kofia.

"Kaa, Mzee wangu. Hiyo ni nusu."

Nusu ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Kuta za mishipa ya damu zina misuli midogo, na kila seli ya msuli ina pampu. Pampu hiyo inatupa nje sodiamu, ambayo ndiyo chumvi yenyewe, na inaingiza potasiamu ndani, mchana na usiku, kama zile pampu zetu za kutoa maji shimoni. Mtu wa aina yetu akikaa na chumvi nyingi mwilini, pampu inapunguzwa kasi, sodiamu inajaa ndani ya seli. Pembeni kuna mlango mwingine wa kubadilishana: sodiamu ikiingia, kalsiamu inatoka. Sasa ndani kumeshajaa sodiamu, nani ataingia tena? Mlango unakwama, kalsiamu inakosa pa kutokea. Na kalsiamu ikiwa ndani ya msuli inajua neno moja tu, kaza. Msuli unakaza, mshipa unabana. Hata ile ngozi laini ya ndani ya mshipa, ambayo kazi yake ni kuutuliza ulegee, inakakamaa. Nimeona pampu ikiwashwa wakati mtu kakanyaga mpira wa maji. Nimeona mpira unavyovimba na unavyopasukia mahali palipochakaa. Sikuhitaji kuchorewa mwisho wake.

"Na mwenyewe anasikia maumivu?" nikauliza.

"Hasikii. Ndiyo maana tunapima."

"Na kizunguzungu?"

"Kizunguzungu kinaweza kuwa presha iliyopanda, au iliyoshuka, au njaa, au sikio. Dawa zenyewe wakati mwingine. Huwezi kukijua kwa kumtazama mtu machoni. Unampima, ndiyo unajua."

Kisha nikasema, "Na mtu aliyezuiwa dawa, akapewa maji ya chumvi asubuhi na jioni?"

Akaacha kuandika. "Nani huyo?"

"Jirani."

"Jirani yuko hai?"

"Yuko hai. Mkono ndio hauendi."

"Mlete," akasema. Hakuuliza tena, lakini aliniangalia muda mrefu. Akasema kiharusi hakina sababu moja, hawezi kusema ni chumvi peke yake au ni dawa peke yake, lakini kumfanyia hivyo mtu wa presha ni kumsukuma kuelekea ukingoni. Nikamwuliza la mwisho. Mtoto je, akimjibu mama yake vibaya asubuhi ileile? Akasema hasira inaweza kupandisha presha kwa muda, kisha inashuka. Mshipa unachakaa siku nyingi, si kwa neno la mlangoni. "Mtoto hana kesi hapo, Mzee wangu."

Niliambiwa hivyo miaka mitatu iliyopita. Nilitoka pale nikatembea hadi nyumbani, nikakukuta unamwogesha mama. Neno lilikuwa kinywani. Nikakuuliza kama maji ni ya moto.

Hii miaka mitatu, Minza, ndiyo sina utetezi. Mama yako nilimpeleka kliniki, dawa anakunywa, na jiko nilipindua lote. Hakuna mtu Shinyanga nzima anayepika bila chumvi akamshinda mjomba wako, na hili halina mjadala: nyanya, kitunguu, ndimu, tangawizi, karanga, na mchicha bila magadi. Michembe ya viazi vitamu tunakula kwa sababu Tabibu Neema alisema viazi vina hiyo potasiamu ambayo pampu inaitaka. Nilirekebisha kila kitu isipokuwa wewe. Nilikuona ulivyoacha kujibizana na mtu. Nilikuona unavyoamka kabla ya jogoo kumgeuza mama, usivyokwenda kwenye mpira na wenzako, usivyoomba kitu. Nikawa nawaambia watu mpwa wangu ana adabu sana. Nilijua ile si adabu. Msichana wa kidato cha kwanza aliyemwita mama yake ng'ombe mlangoni alikuwa na ulimi kama wangu, nilimpenda kwa huo ulimi, na nilimtazama akiumeza.

Halafu Jumanne ulirudi na fomu ya afya ya chuo cha ualimu. Ukaiweka mezani, ukakaa, ukasema, "Mjomba, siendi Mtwara."

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyemwangusha mama. Haki yangu ni kukaa naye."

Na mimi nikakujibu nini? Nilisema, "Wewe mwembamba hivyo, ungemwangushaje mama yako na mwili ule?" Nikacheka peke yangu. Ukanyanyuka ukaingia ndani ukafunga mlango. Nimeona mashimo yakifunika watu, lakini mlango ule ulivyofungwa polepole sijawahi kuona kitu kizito kama hicho. Ulikubali kwenda baadaye kwa sababu mama alilia, si kwa sababu ulijisamehe. Najua.

Sasa soma hapa taratibu. Nyumba hii ilikuwa na watu watatu asubuhi hiyo. Mmoja alikuwa mgonjwa, mmoja alijifanya daktari, na mmoja alikataa kwenda kununua chumvi. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ulikuwa na hasira na umechelewa shule, na ni wewe peke yako uliyefanya jambo la maana. Kama tungekusikiliza, hata kwa kukuchapa kwanza na kukusikiliza baadaye, ningekaa chini nikanywa chai yangu na pakiti isingenunuliwa siku ile. Mimi ndiye niliyemzuia dawa. Mimi ndiye niliyekwenda dukani. Mkono ulioshika kikombe ni huu unaoandika.

Leo mchana, ulipokwenda kwa mchungaji kuaga, nimemwambia mama yako. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake hapo uani, nami nikachuchumaa mbele yake kama mwizi wa kuku.

"Dada, ile chumvi ndiyo iliyokufanya hivi. Na zile dawa nilizokuzuia."

Unajua anavyochelewa kutoa neno. Nilingoja.

"Najua, Shija. Tangu kliniki. Yule binti alinieleza."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa mtu mzima. Mdomo uliokunywa ulikuwa wangu."

Nikashika mguu wake. Ningeweza kuishia hapo, nimesamehewa kirahisi kama kawaida yangu. Lakini nikamwambia na la pili, kwamba miaka sita umeamini ni wewe, na kwamba nilijua unaamini hivyo. Minza, hakuwa anajua. Hukuwahi kumwambia, wala mimi. Alinitazama mpaka nikaona haya ya kuwa na macho. Kisha akanyanyua fimbo yake ya kutembelea kwa mkono wa kushoto, ambao siku hizi una nguvu za watu wawili, akanipiga kwenye mfupa wa muundi. Mara mbili. Mguu unaouma ndio huo.

Akasema, na ilimchukua muda, "Chumvi nimekusamehe. Hilo la mtoto si langu. Kaombe kwake."

Ndiyo nimekaa kuandika. Nimeandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaweka kichekesho katikati, na wewe utanionea huruma utacheka, nami nitaponyoka tena.

Kuna la pili lililobaki. Namba ya presha waliyoandika kwenye fomu yako si ndogo kwa msichana wa miaka ishirini. Uliniambia ni wasiwasi, nami nikasema ni joto. Inawezekana ni wasiwasi. Nesi aliyekupima alisema ipimwe tena, siku tofauti, na hapa hukurudi. Mama yako ana hiyo presha, mimi ninayo, na bibi yako alianguka shambani kule Maswa kabla watu hawajajua kuiita kwa jina. Vilango vyetu huenda na wewe unavyo. Haina maana umehukumiwa. Maana yake ni upimwe, na kama ipo, ujue mapema kuliko sisi. Ukifika Mtwara nenda zahanati, waambie ya ukoo wetu, na karatasi hizi wasomee kama unataka. Na siku yoyote ukisikia kizunguzungu, mtu akakuletea chumvi kiganjani akasema lamba, mwulize kwanza kama amekupima. Usiniamini mimi katika hili. Mimi nimedanganya watu mpaka wa mkoa wa pili. Iamini ile mashine, haina mjomba.

Mama usimhofie. Dawa zake ziko kwangu, kila asubuhi anakunywa nikimwangalia, na mwisho wa mwezi nampeleka kwa Tabibu Neema, ambaye sasa anajua jirani ni nani. Kama ni kukaa naye kwa sababu ya kosa, basi mkaaji ni mimi, na nimekaa. Wewe nenda kafundishe watoto wa watu. Ukikuta darasani kuna mmoja anajibu vibaya kidogo, msikilize hadi mwisho wa sentensi.

Nimeacha kukusikia hapo kwa Mama Kulwa, nadhani unarudi. Barua hii naiweka juu ya nguo kwenye begi, uisome leo kabla ya kulala. Nataka uisome nikiwa bado karibu, unaweza kunifikia.

Kesho alfajiri nitakuwa hapo nje na pikipiki. Ukitoka ukaniamkia, nitaitikia marahaba yangu na sitaongeza neno, ingawa itaniua. Ukitoka ukanipita bila shikamoo, nitajua umeisoma na umeielewa, na sitakuuliza kwa nini, si kesho, si mwaka huu. Una haki ya kuninyima muda wote utakaotaka.

Begi nitalibeba vilevile.

Mjomba wako,
Shija